Miche ya Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alikuwa na mkasi mdogo wa kukatia kucha, na kwa mkasi huo aliua miche mingi ya nyanya kuliko ugonjwa wowote uliowahi kuingia Munigi. Katika kila kikopo alitia mbegu mbili. Zote mbili zikiota, alizitazama asubuhi kadhaa, kisha siku moja akainama, akachagua, akakata. Hakung'oa, maana kung'oa kunasumbua mizizi ya yule anayebaki. Alikata karibu kabisa na udongo, na mche uliokatwa akauacha palepale, ulale miguuni pa mwenzake mpaka ukauke. Mara nyingi miche yote miwili ilikuwa mizuri na mimi sikuona tofauti. Nilimwuliza mara moja tu anachaguaje.

"Naua ile yenye naonea huruma," akaniambia.

Niliolewa nyumbani kwake nikiwa na umri wa kutosha kujua kupika, kufua na kunyamaza. Nilidhani hayo matatu yananitosha. Asubuhi ya kwanza baada ya harusi hakunipa sufuria wala ufagio. Alinipa chupa ya mayoneze iliyojaa kitu kilichooza, juu kimefanya ngozi nyeupe ya ukungu, akafungua kifuniko akanisogezea puani.

"Nusa."

Nikanusa. Nusura nitapike chai ya harusi yangu mwenyewe.

"Ni mbegu," akasema. "Isipooza, haioti. Sasa osha."

Ndivyo nilivyojifunza kwamba mbegu ya nyanya huzaliwa ndani ya ute, na ute huo lazima uchachuke na kunuka kwanza ndipo mbegu iachiliwe. Nikaimwaga ile takataka katika beseni ya maji. Mbegu nzima zikazama, tupu zikaelea. Akanionyesha namna ya kuinamisha beseni ili zinazoelea zimwagike nje pamoja na ukungu. Mchana walipokuja wageni, kina mama wa kwaya waliokuja kumtazama bibi harusi, mmoja akamwuliza kama mkwe ni mzuri. Yeye akajibu, mimi nikiwa nimebeba sinia mbele yao, "Tumemutia mu maji jana tu. Tungojee tuone kama atazama ao ataelea." Wakacheka wote. Nilicheka pia. Nilikuwa mgeni.

Lazima niseme kwa nini alijenga nyumba ya plastiki ya kulimia nyanya, ambayo sisi tuliiita sere kama wanavyosema maagronomu, wataalamu wa kilimo. Munigi, juu kidogo ya mji wa Goma, ni mawe. Mlima wa moto ulitapika pale zamani na ukatapika tena, na mtu akitaka udongo huuleta kwa mifuko kutoka mbali, kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma. Isitoshe, moshi wa mlima ukichanganyika na mawingu, mvua hushuka ikiwa chungu na kuchoma majani yote, yakawa na mabaka kama ngozi ya mtu aliyemwagikiwa mafuta. Watu wa mtaa walikuwa wamekata tamaa ya nyanya, wakangojea zile zinazoshuka kutoka Rutshuru na Masisi, njia zikiwa wazi. Yeye akasimamisha miti ya mikaratusi, akafunika kwa plastiki, akajaza udongo wa watu wengine ndani, akalima juu ya jiwe. Wakamcheka. Baadaye wakaja kununua.

Alikuwa mrefu, mkavu, kichwani kitambaa cheusi kilichofungwa mpaka masikioni, miguuni buti za mwanaume. Mikono yake ilikuwa na rangi ambayo sijaiona kwa mtu mwingine, kijani kinachokaribia weusi, utomvu wa majani ya nyanya ulioingia mpaka chini ya kucha. Akinawa kwa sabuni, maji yaligeuka manjano. Jumapili alivaa kitenge cha ibada na kukaa benchi la mbele na mikono ile juu ya magoti, na hakuificha. Siku moja padri alihubiri kwamba tusiharakishe kung'oa magugu, tuyaache yakue pamoja na ngano mpaka mavuno. Tulipotoka alimsimamisha katekista mlangoni.

"Ule mwenye shamba hakukuwa mulimaji," akamwambia. "Alikuwa na mali ingine."

Mlango wa sere ulikuwa na sheria. Mvuta sigara haingii, kwa kuwa tumbaku na nyanya ni ndugu na maradhi ya mmoja humwingia mwingine kwa vidole. Kaka wa marehemu mume wake, mzee wa heshima aliyetoka Beni kuja kumsalimu, alisimamishwa nje kwenye jua kama mchuuzi kwa sababu alinuka tumbaku, na akarudi Beni bila kuiona hiyo sere. Na mwanamke aliye katika siku zake haingii. Kila asubuhi alisimama mlangoni, na mbele ya kina mama wa vibarua na yeyote mwingine aliyekuwapo, aliuliza kila mmoja, "Uko musafi?" Wengine walidanganya. Mimi sikuweza kudanganya kwa sababu tulitumia kamba moja ya kuanikia. Basi mwezi wangu ukajulikana na mtaa mzima kama kengele ya kanisa.

Asubuhi moja hakuniuliza. Alinitazama usoni, akatazama kifua changu, akafungua mlango. Mchana, mezani, mume wangu akiwa na tonge mkononi, akamwambia, "Bibi yako iko na mimba." Mimi nilikuwa bado nahesabu kimya kimya, nikitafuta maneno mazuri ya kumwambia jioni. Mume wangu akanigeukia na tabasamu kubwa, na nikaona aibu kwamba nilikuwa nikimchukia mama yake katika saa ile.

Mimba ile haikudumu. Nilirudi kutoka dispanseri nikitembea polepole, na kabla sijafika mlango wa nyumba akanishika kiwiko akaniongoza kwenye sere. Hilo lilinishangaza, kwa sababu kwa sheria yake mimi nilikuwa mchafu kuliko wote. Kulikuwa na joto kali siku hizo, plastiki inawaka. Chini, kando ya mistari, maua madogo ya manjano yalikuwa yameanguka mengi.

"Unaona? Joto ikizidi, inaangusha maua. Haiangushi ju ni mubaya. Inaangusha ju inataka kubakia muzima."

Nikalia. Aliningojea. Alipoona nimepunguza akasema, "Ukimaliza, mustari wa mwisho haujafungwa kamba."

Nikafunga kamba.

Naeleza haya ili mtu asidhani alikuwa mkatili mjinga, mtu wa kupiga tu na kutukana. Hakuwahi kunipiga. Hakutukana. Alikuwa na njia yake, na aliamini njia ile katika kila kitu. Miche aliinyima maji kabla ya kuihamisha, mpaka majani yakalegea kama masikio ya mbuzi, ili shina likomae. Kila asubuhi aliipitishia kiganja juu, akiilaza huku na huku, kwa kuwa ndani ya plastiki hakuna upepo, na mche usiosumbuliwa hurefuka bila nguvu ukaanguka wenyewe. Watoto wangu, nilipojaliwa wawili, msichana kisha mvulana, walilelewa hivyohivyo. Mtoto akianguka kwenye mawe hakuna aliyeruhusiwa kumwinua. Msichana wangu alipasuka goti akiwa anaanza tu kutembea, akanyoosha mikono kwangu, na mama mkwe akasimama katikati yetu na ndoo yake. "Ataamuka," akasema. Akaamka, kweli. Ana kovu.

Mnyauko ulipoingia kwenye sere, mche mmoja ukisinyaa mchana bila kukosa maji, alikata shina lake akalitumbukiza katika glasi ya maji safi. Uzi mweupe ukishuka ndani ya maji kama moshi, hakusubiri. Aling'oa ule mgonjwa, akang'oa na jirani zake wa kulia na kushoto wenye matunda mabichi yaliyonona, akavichoma vyote barabarani. "Jirani ya mugonjwa ni mugonjwa." Mdogo wangu alikuja kutoka Butembo na kikohozi, kikohozi cha vumbi la safari tu. Alilala jikoni karibu na mkaa usiku wote aliokaa kwetu, na sahani yake ilioshwa peke yake. Hakurudi tena kunitembelea.

Na chakula. Nyanya nzuri hatukuzila. Tulikula zilizopasuka, zilizotobolewa na viwavi, na zile zenye ugonjwa wa chini zilizoitwa matako meusi. Yeye alikula mbaya kuliko zetu zote, akikata weusi kwa ncha ya kisu na kumeza kilichobaki kwa chumvi, amesimama. Lakini tunda la kwanza la kila msimu, jekundu, zito, lisilo na doa, alilifunga katika jani la mgomba akampelekea bibi kizee mmoja wa mtaa wa pili, kipofu, ambaye zamani walikuwa wamegombania kiwanja na yule bibi akamlaani hadharani. Nilidhani ni toba. Nikamsifu kwa hilo.

"Ni ju ajue kama niko muzima," akasema.

Mume wangu alikuwa mtoto wake wa kiume wa pekee. Alikuwa fundi wa umeme, mpole, mwenye mzaha, na mbele ya mama yake alikuwa mtoto wa shule. Kazi yake katika sere ilikuwa maji. Bomba za Munigi hutoa maji zikipenda. Zikikauka, mtu hupanga foleni mbali, au hushuka na chukudu mpaka ziwani na kurudi akisukuma mlima. Alifanya hivyo kabla ya kazi na baada ya kazi. Nilisema na mama yake mara moja, mume wangu akiwa na homa, meno yanagongana.

"Mama, leo amelala. Acha apumuzike."

"Miche inajua kama yuko na homa?"

"Haijui, Mama."

"Basi mimi nitaiambia nini?"

Mume wangu akaamka, akavaa koti. Akanikonyeza akipita ili nisikasirike. Nilikasirika zaidi kwa sababu ya kule kukonyeza.

Kisha watu wakaanza kuja. Vita vilikuwa vimesogea, na waliokimbia walishuka kutoka Rutshuru na Masisi wakajenga vibanda vyao vya matawi na bashi, yale maturubai ya msaada, juu ya mawe mpaka karibu na uzio wetu. Mama mkwe alichukua baadhi ya kina mama kufanya vibarua, kwa chakula. Mmoja alitoka Masisi, kijana bado, na mtoto mchanga mgongoni. Alikuwa mwepesi wa vidole. Alijua kuvunja vichipukizi vya kwapani kwa kidole gumba bila kuumiza shina, na hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Mama mkwe hakumsifu, lakini alimpa mstari wa katikati, ambao hakumpa mtu yeyote.

Msimu ule tulibadilisha plastiki ya paa. Ile ya zamani ilikuwa imechakaa na jua, ina matobo, lakini bado ilikuwa kubwa, ingeweza kufunika kibanda na kubaki. Ililala imekunjwa kando ya ukuta. Yule mama wa Masisi aliizunguka kwa macho muda mrefu, kisha akanijia mimi.

"Mama, nisaidie kusema. Bashi yetu imepasuka. Mvua inatunyeshea mu kitanda."

Nikaenda kusema. Mama mkwe alikuwa anafunga kamba. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza mtoto yule ana umri gani, nikamwambia. Akaingia ndani akatoka na kisu cha jikoni, akaikunjua ile plastiki uani mbele ya kina mama wote, akaanza kuikata. Aliikata vipande virefu vyembamba vya kufungia nyanya. Kazi hiyo ilimchukua saa nyingi. Vilitosha kufunga nyanya za Goma nzima, na sisi tulikuwa na mistari michache tu.

"Nikimupa huyu mumoja," akasema huku anakata, bila kumtazama mtu, "kesho watakuja kutoa ile iko juu. Na wako wengi kuliko mimi."

Nilimpelekea yule mama vitenge vyangu na turubai dogo la chukudu. Mvua za mwezi ule zilikuwa mvua za kupasua mawe. Mtoto akaanza kukohoa, kisha akaacha kunyonya. Walimzika upande wa juu wa kambi, mahali ambapo watu walikuwa wamefaulu kuchimba.

Yule mama alirudi kazini baada ya maziko, kwa kuwa alikuwa na wengine wa kulisha. Mgongo wake mtupu ulinifanya nisijue pa kutazama. Mama mkwe alikuwa mlangoni. Hakusema pole. Hakuuliza kama ni msafi.

"Umekuja. Vizuri. Mustari ni wako."

Mchana, tulipogawiwa maharagwe, alitoka na sahani yake mwenyewe, ambamo mlikuwa na kipande cha nyama, akaiweka mbele ya yule mama. Yule mama akaitazama. Hakuigusa. Tukala sisi sote, yeye akakaa na mikono mapajani. Tulipomaliza, mama mkwe akaichukua sahani, akakaa palepale mbele yake kwenye jiwe, akala ile nyama yote polepole, akafuta sahani kwa kidole. Yule mama wa Masisi alifanya kazi kwetu mpaka siku kambi zilipoondoka. Hawakuwahi kusemeshana tena isipokuwa kuhusu nyanya.

Siku yenyewe vita vilipotufikia, mabomu yalikuwa yameshasikika kwa muda upande wa Sake na barabara ya Lac Vert, na tulikuwa tumezoea, kama mtu anavyozoea jirani mlevi. Asubuhi ile sauti ilitoka kaskazini, nyuma yetu. Kambi zikasimama zote pamoja. Watu waliteremka kuelekea mjini na magodoro vichwani, kuku, wagonjwa, sufuria. Mume wangu akaniambia nichukue watoto niende kwa dada yake, mtaa wa Himbi mjini, yeye atamleta mama.

"Munakuja sasa hivi?" nikamwuliza.

"Nyuma yako tu."

Yaliyofuata sikuyaona. Aliniambia yeye mwenyewe, mama mkwe, bila kuficha neno. Alikuwa amehamisha miche jana yake, msimu mzima wa miche, imesimama katika vikopo vipya na mizizi iliyojeruhiwa. Pipa lilikuwa tupu. Mume wangu alimshika mkono akamwambia, Mama, batu banakufa. Yeye akamwambia atakwenda, hakukataa kwenda, lakini miche ile ikikosa maji leo imekufa, basi alete maji kwanza, wainyweshe, kisha wafunge mlango waondoke. Ni mara moja tu, pale kwenye bomba la chini. Mume wangu akatia bidoni mbili za kuchotea maji kwenye chukudu akaenda.

Bomba lilikuwa na maji. Alizijaza. Bomu lilimkuta akirudi, karibu na kona ya kwetu. Majirani waliokuwa wamejificha nyuma ya ukuta walimleta nyumbani juu ya chukudu ileile. Bidoni moja ilikuwa imetobolewa. Nyingine ilikuwa nzima, imejaa.

Risasi zilipopungua nikaacha watoto kwa wifi yangu nikapanda kwa miguu. Mlango wa nyumba ulikuwa wazi. Mume wangu alikuwa amelazwa sebuleni juu ya mkeka, ameoshwa, amevikwa suti yake ya harusi, vifungo vyote vimefungwa. Mama yake alimwosha peke yake. Sijui aliwezaje kumgeuza. Sebuleni hapakuwa na mtu mwingine. Nilikaa na mume wangu kiasi nilichokaa, kisha nikaenda kumtafuta mama yake, nikamkuta kwenye sere. Plastiki ilikuwa na matundu, jua linaingia kwa mishale. Alikuwa anapita na kikombe, mche kwa mche, kidogo hapa, kidogo pale.

"Mama, unafanya nini?"

"Nanywesha."

"Maji hiyo imetoka wapi?"

"Njo ile alichota."

Alijibu kama mtu anayejibu swali la kawaida. Nilikwenda kwenye meza ya miche nikaingiza mikono yote miwili ndani ya vikopo, mpaka kwenye udongo uliolowa, nikakunja vidole. Hakunikimbilia. Aliweka kikombe chini.

"Ng'oa," akasema. "Lakini ung'oe yote. Usiniachie nusu."

Miche ilikuwa midogo, yenye manyoya membamba kwenye shina, kila mmoja na majani yake mawili ya kweli, yamesimama. Mikono yangu haikuweza. Nilisimama pale mpaka udongo ukanikauka kwenye vidole. Akaokota kikombe, akachota tena ndani ya bidoni, akaninyooshea. Sikukipokea. Akaendelea na mstari.

Tulimzika. Matanga yalipoisha nikapeleka watoto Butembo kwa wazazi wangu, kwa njia ndefu ya kuzunguka. Siku ya kuondoka mama mkwe alikuwa kwenye sere na hakutoka. Watoto waliingia kumuaga wakarudi na harufu ya majani. Nikampigia simu baada ya wiki kadhaa, kwa sababu ya watoto. Hakusema halo. "Batoto banakula?" akauliza. Nikamwambia wanakula. Akakata. Tuliendelea hivyo mwaka mzima, nikipiga kila Jumapili, swali lilelile, jibu lilelile. Nilikuwa na maneno ya kumwambia na sikutaka kuyasema kwa simu. Niliyapanga vizuri. Nilikuwa nayapanga nikifua, nikipika, nikimsuka binti yangu, na kila mwezi yalizidi kuwa mafupi, mpaka yakabaki sentensi moja: wewe ndiye uliyemwua.

Kisha wifi yangu akanipigia. Mama ameanza kupotea, akasema. Anatoka anasahau njia ya kurudi. Sere imeanguka upande mmoja na hakuna wa kuisimamisha. Wamemtoa Munigi, yuko kwangu Himbi. "Uje umuone," akasema, "kama unaweza."

Nilifika kabla ya mchana. Alikuwa ameketi barazani kwenye kiti cha plastiki, kitambaa cheusi kichwani, miguu imevalishwa kandambili za mtoto. Amepungua. Mikono ilikuwa mapajani, safi kabisa, ya waridi viganjani kama ya mtu asiyewahi kufanya kazi, na nikaitazama hiyo kabla ya uso. Wifi yangu akasema kwa sauti kubwa, kama wanavyosema na viziwi, "Mama, kuko mugeni!"

Akaniangalia. "Umetoka wapi?"

"Butembo, Mama. Ni mimi. Mukwe wako."

Akatikisa kichwa, bila hasira, kama anayesahihisha mtoto.

"Mukwe wangu alikufa."

Wifi yangu akafungua mdomo. Nikamwinulia mkono anyamaze.

"Alikufa na nini, Mama?"

"Bombe. Nilimutuma maji, siku ya vita. Ya miche. Nikamuambia afanye mbio, lakini ule alikuwa anatembea polepole kila siku." Akavuta kitambaa chake masikioni. "Nikamuosha mwenyewe."

"Na mutoto wako mwanaume?"

Uso wake ukafunguka wote. Sikuwahi kuuona hivyo katika miaka yote niliyokaa kwake. Alikuwa karibu mzuri.

"Yuko! Yuko Butembo na batoto yake. Ananipigia telefone kila Dimanche, tukitoka misa. Sauti yake imebadilika kidogo, ni baridi ya kule, lakini ni yeye. Banakula muzuri."

Wifi yangu akaingia ndani haraka. Nilimsikia akifungua bomba la jikoni na kuliacha litiririke.

Nikavuta kigoda nikakaa mbele yake. Ile sentensi yangu ilikuwa kinywani, tayari, fupi, nimeileta safari yote ile. Ilihitaji pumzi moja tu.

"Mama," nikasema. "Mukwe wako alipokufa, ulilia?"

Akafikiri. Alifikiri kwa uaminifu, akitafuta kweli.

"Kidogo," akasema. "Kulikuwa kazi."

"Na alikuwa mutu wa namna gani?"

"Alikuwa mukwe." Akatazama barabarani, ambako watu walipita na madumu na mikate. "Kama ingekuwa mutoto wangu, mimi ningekuwa nimekufa pia. Mungu alinionea huruma."

Nikachukua mikono yake miwili. Ilikuwa mepesi. Aliniachia.

"Pole, Mama," nikamwambia. "Pole sana kwa kufiwa na mukwe."

"Asante," akasema. "Kaa vizuri, ukule. Umetoka mbali."